Ndai Inang'aa, Tairi Ni Kipara

Maze, kabla ununue hiyo exhaust, kuja hapa kiasi. Ndai yako inagusa lami place nne tu. Nne. Kila moja ni saizi ya kiganja chako, na brake, kona, mvua, zote zinapitia hapo. Bodykit haigusi lami. Spoiler haigusi. Ile sticker ya STI umebandika kwa Vitz haigusi kitu, buda. Inagusa tu roho ya mwenye Subaru ya ukweli akikupita Thika Road.

Na bado wasee wa base wako vile wako. Exhaust, ganji iko. Mahewa, ganji iko. Taa za blue chini ya seat, ganji iko, na ikikosa kuna loan ya simu. Uliza tairi sasa. "Ah, zilikuja na gari." Zilikuja na gari! Hata vumbi ilikuja na gari na uliosha.

Tubonge aibu kubwa kwanza. Demio imetoka tu port Mombasa, plastiki bado iko kwa seat, umeipost na caption ya kushukuru Mungu. Poa. Sasa chuchumaa usome tairi. Ukiona imeandikwa STUDLESS, ama Blizzak, ama kale kamchoro ka mlima wa vichwa vitatu na theluji ndani, hongera sana: uko na tairi za barafu. Japani baridi ikifika, wasee wa huko Hokkaido wanatoa tairi za kawaida wanaweka hizi. Rubber yake ni soft ndio isikauke ikishuka chini ya nyuzi 7. Saba, buda. Nairobi July ikigonga 12 mnavaa puffer jacket mnajiita watu wa Alaska.

Hizo tairi ukizitembeza Mombasa Road saa nane mchana zinaisha kama kipande ya sabuni kwa karai. Na hata kabla ziishe, kwa kona zinachezacheza, juu yale meno laini yanapinda. Ubaya ni mwenyewe anaringa. "Cheki meno, grip noma!" Meno ni ya theluji, boss. Siku theluji itaanguka Kitengela utakuwa king wa barabara. Tunangoja na wewe.

Kuna story ya umri pia, na hapo ndio mnabebwa mob. Kwa ukuta wa tairi tafuta herufi DOT. Mwisho wake kuna namba nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 3519 ni wiki ya 35, mwaka wa 2019. Hiyo tu. Rubber inazeekanga hata ikiwa imekaa store bila kuguswa: inakauka, inakuwa ngumu, inatoa nyufa ndogo ndogo kwa ukuta. Michelin wanasema ikipita miaka 5 ichekiwe na fundi kila mwaka, na ikifika 10 itolewe, hata kama kwa macho bado iko mpya. Sasa kumbuka gava inaruhusu gari za hadi miaka 8. Piga hesabu. Kuna tairi zinashukanga meli zikiwa zimekaribia kustaafu.

Halafu kuna msee wa ex-Japan hapo kando ya barabara. Amezipanga, amezipaka dawa nyeusi, zinang'aa hadi unajiona. "Hii ni mpya tu, mkubwa." Ukiskia mtu anauza kitu akikuita mkubwa, shika mfuko. Bei yake ni nusu ya mpya, siku zingine chini ya nusu, so naelewa vile roho inavutwa. Na sisemi zote ni mbaya. Kuna zingine kali, za miaka mitatu, meno bado yamejaa. But chuchumaa. Soma namba. Pitisha mkono ndani utafute kiraka. Gusa ukuta: ukiskia kauvimbe, nyuzi za ndani zimekatika, na hiyo haiponi, si kwa fundi, si kwa maombi. Cheki pia kama imechongwa, yaani ilikuwa kipara, msee akashika kisu cha moto akachora meno zingine. Inakaa fiti sana. Inakaa fiti mpaka Naivasha Road.

Kwa ile mifereji ya tairi kuna vituta vidogo. Meno zikishuka zikawa level moja na hivyo vituta, umebaki na 1.6 mm. Hapo hata karao hahitaji kusumbua akili. Anakuona ukiwa mbali, anatabasamu, anaanza kuvuka barabara.

Debate ya base sasa: mpya ya China ama mzee wa Japani? Wasee wanapigana hapa hadi chai inapoa. Mimi nimeshaamua. Kama ndai ni ya kwenda job na kurudi keja, napeana doo kwa mpya ya China yenye DOT ya majuzi, siendi kununua jina kubwa lenye limekauka. Jina haishiki lami. Ukiwa na ganji ya jina na upya pamoja, basi tusiongee sana, ni wewe unanunua lunch.

Mzae akiskia hizi story anacheka mpaka anakohoa. Mzae wa mtaa ana theory zake, zote zilizaliwa ndani ya Peugeot 504. Usimkatize. 504 ilishinda Safari Rally 1975, ikarudia 1978, na anataka ujue alikuwa hapo kando ya barabara na thermos ya chai. Sawa, mzae. Pressure anapima na kiatu. Anapiga tairi teke moja, anaskiza, anatangaza: "Imejaa." Radiator ni maji ya mfereji tangu enzi za Moi, coolant ni njama. Spare parts anaendea Kirinyaga Road, but yeye bado anaita Grogan. Na akinunua tairi mpya mbili zinaenda mbele, kwa sababu "mbele ndio kuna injini."

Hapo tunamwachia soda yake. Mpya mbili zinaenda nyuma, mzae. Hata kwa gari ya kuvutwa na mbele. Kukinyesha, tairi za mbele zikiteleza unaskia kwa steering, unatoa mguu pole pole, ndai inajirudi. Za nyuma zikiteleza, mkia unakuja kukusalimia, na sasa unaangaliana uso kwa uso na wale ulikuwa umeovertake. Kampuni za tairi zenyewe zinasema hivo. Mzae anasema ni uongo wa mtandao. Mzae pia anasema tairi ya ukweli ni Yana. Mzae, kiwanda ya Nairobi ilizima mashine 2016. "Ndio maana nchi imeharibika." Okay.

Wazae pekee tunawapea heshima ni wale wa Concours d'Elegance, yale mashindano ya kuonyesha magari pale Ngong Racecourse. Hao wanapangusa gari hadi tumboni, mahali hata fundi wako hajawahi kuona. Shida ni ile kofia na blazer kwa jua la mchana. Tunaheshimu tukiwa mbali.

Tukuje kwa hewa, juu kuna watu wanauziwa. Kuna place utaambiwa uweke nitrogen, unalipa kila tairi, unapewa na vifuniko vya green ndio mtaa ujue. Buda. Hewa ya bure ya petrol station ni nitrogen asilimia 78. Unalipa ndio ile 22 itolewe. Ndege, sawa. Gari za race, sawa. Wewe unaenda Rongai.

Na ukifika kwa hiyo hewa ya bure, msee wa pump anauliza, "Niweke ngapi?" Hapo ndio maboy wanachoma picha. Mwingine anasema 40 juu ameskia inasave mafuta. Mwingine anasema "jaza tu." Jaza tu ni ya supu! Fungua mlango wa dere, kuna sticker. Imeandikwa Kijapani, but namba hazina kabila: 220 kPa ni kitu 32 psi, 230 ni kitu 33. Pima tairi zikiwa baridi, si ukitoka Nakuru na mguu kwa floor. Ukizidisha zinaisha katikati. Ukiacha chini zinaisha kando zote mbili, na zinakunywa mafuta, na nakumbuka vile mlilia October 2023 petrol ikigonga 217. Ikiisha upande wa ndani pekee, hiyo ni alignment. Ni lile shimo la juzi, lile uliapa halikuwa kubwa.

Rims sasa. Hapa ndio ganji ya mtaa huzikwa. Kila msee anataka TE37. Zile za ukweli zinatengenezwa na Rays wa Japani, ziko sokoni tangu 1996, na seti moja mpya unaweza kaa chini ufikirie Demio nzee. Zako ulinunua kwa bei ya simu. Usiniangalie hivo. Kopi hazijapigwa na mashine ya forging, zimemwagwa tu kwa mould, so shimo moja la Outering na iko na pembe. Ukipaka rangi ya bronze bado ina pembe.

Halafu saizi. Kuna Fielder inakuja na 195/65R15. Ile 65 inamaanisha ukuta ni asilimia 65 ya upana, so uko na karibu 127 mm za mto kati ya rim na matatizo ya Kenya. Wewe unaitupa, unaweka 215/40R18. Mto sasa ni 86. Ndai imekaa luku safi, hatukatai, tumepiga picha. But kila tuta unapanda kwa pembeni, mguu juu ya brake, mathe nyuma amefunga macho anaomba. Nganya inapiga honi. Boda anakuovertake akikula muhindi. Hiyo ni swag gani yenye inapitwa na muhindi?

Subaru boys, mlidhani nimewasahau. Ule mlio wenu, ile ngurumo ya boxer, inatoka kwa headers zenye urefu haulingani. Injini haiko na hasira, ni bomba tu. So ukitoa zile za kampuni uweke za urefu sawa ndio upate power, ule mlio unapotea, na ulikuwa umenunua gari ya mlio. Wueh. But kitu inaniuma zaidi ni tairi. Hiyo ndai inasukuma magurudumu yote manne. Ukiweka mpya moja na kipara tatu, zinazunguka kwa mwendo tofauti, na center diff inapigana siku yote kwenye barabara imenyooka. Kwa Forester unabadilisha nne, zinazofanana, saizi na meno. Ukikuwa na ganji ya moja pekee, chukua mat.

Kila WRC ikirudi Vasha, tangu 2021, mko hapo. Wale madereva wenyewe wanahesabiwa tairi, wanachagua soft ama hard kabla ya kila safari, na kwa hizo mawe za Safari wanabebanga spare mbili. Mbili! Na hao wana helikopta juu. Wewe umetoka Donholm na wasee watano, cooler ya barafu, na zero spare juu boot imejaa subwoofer. Pancha ikikupata Mai Mahiu utaweka speaker?

Usafi hatukai sana, juu hapo mnajua. Kiasi tu. Omo ni ya nguo; kwa rangi ya gari inatoa wax. Kitambaa kikianguka chini kisirudi kwa bonnet, kimebeba mchanga, na ile michoro ya duara unaona jua likiwaka ndio hiyo. Na ukiona carwash inapaka tairi dawa yenye inanuka diesel, kataa. Mafuta inakula rubber. Ng'aring'ari ya Sato, nyufa December. Zungusha pia tairi kila km 10,000 hivi, za mbele ziende nyuma, ndio zote ziishe pamoja. Wakikuambia ni kazi bure, hao ni wale wa tairi nne za makabila nne.

So weekend hii ukipeleka ndai kuoshwa, kabla mutura ikatwe, chuchumaa usome namba za zote nne. Na spare pia, hiyo ndio mnasahau. Yenye mwaka wake unaonyesha imefika miaka 10 ama zaidi, hiyo ishaenda, haijalishi meno. Na ukifika dukani, muuzaji akikushow DOT ilifutika kwa meli, usibargain. Ishia.