Kodi ya Manzese, masomo ya Mlimani

Kila ifikapo Oktoba simu za ndugu huanza kuingia huku ughaibuni: mtoto kachaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mkopo kapata, vimebaki tu vitu vidogo vidogo. Si vidogo hata kidogo, na kikubwa kuliko vyote ni chumba.

Wazee waliosoma Mlimani hili huwashangaza. Chuo kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Enzi hizo mwanachuo alipata kitanda na chakula pamoja na nafasi ya masomo. Sera ya kuchangia gharama ya miaka ya 1990 ikayafuta hayo, na Bodi ya Mikopo ikaanza kazi Julai 2005. Leo wanafunzi ni makumi ya maelfu. Hosteli za Magufuli, zilizozinduliwa Aprili 2017, zilijengwa kwa wanafunzi 3,840, na Mabibo Hosteli nayo haiwezi kubeba waliobaki. Aliyekosa ama anabebwa na mwenzake, wawili kitanda kimoja, ama anaingia mtaani kutafuta gheto.

Sinza na Survey ni za wenye nazo. Wengine huishia Manzese. Ukitoka hapo unapanda mwendokasi hadi Ubungo, kisha daladala la Chuo Kikuu, na chakula cha mama ntilie hakikuumizi. Nyumba nyingi ni zile zetu za korido katikati, vyumba huku na huku, choo na bafu uani. Godoro chini, mtungi mdogo wa gesi, ndoo mbili za maji, begi la nguo. Mita ya LUKU ni moja kwa wapangaji wote, na ugomvi wa nani anapiga pasi kila siku hauishi. Kusoma humo usiku, redio ya jirani ikivuma ukutani, kunahitaji moyo. Ndiyo maana wengi hubaki chuoni kwenye vimbweta, yaani viti na meza za zege, pamoja na wenzao wa kundi hadi giza liingie, kisha wakagombee usafiri.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu hapa ndipo ndugu wengi tunapokosea. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023, fedha ya kujikimu kwa mnufaika wa mkopo ni Sh10,000 kwa siku. Haitoki kila siku; hutoka kwa mkupuo, kama wa siku 60, yaani Sh600,000. Hilo ndilo bumu. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mbele, dalali anataka ya mwezi mmoja. Tuseme chumba ni Sh50,000: zimekwenda Sh350,000 kabla hajanunua hata ndoo. Zinabaki Sh250,000 za siku 60, kama elfu nne kwa siku, nauli humo humo, na kurudufu notisi humo humo. Bumu likichelewa, hata hizo hana.

Na chuo hakimsubiri. Kwa kawaida alama 40 kati ya 100 za somo hutoka kwenye majaribio na kazi za muhula. Mtihani wa mwisho huchukua 60. Mwanachuo anayezunguka na dalali wiki za mwanzo huzipoteza zile 40 mapema, kisha mwisho wa muhula anajikuta na sapu, yaani mtihani wa marudio, na GPA ikishuka mno anadisko, yaani anaondolewa chuoni. Mjomba aliye Muscat au Minneapolis huambiwa mtoto hana akili. Mara nyingi akili anayo, kodi ndiyo hana.

Kwa hiyo, ndugu zangu, hizi elfu thelathini thelathini tunazorusha kila mwezi kwenye simu, tuzikusanye. Kama unaweza jambo moja tu kwa mwaka, lipa kodi ya miezi sita kabla chuo hakijafunguliwa, mlipe mwenye nyumba moja kwa moja, na udai risiti yenye jina la mtoto.