Siri ya Mwanachama ni Amana: Wajibu wa Vikundi vya Familia katika Kulinda Taarifa Binafsi

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Katika mitaa na vijiji vingi nchini, familia zimejiunga katika vikundi vya kusaidiana wakati wa shida na furaha. Vipo vikundi vya kufa na kuzikana, umoja wa ukoo, vikundi vya wazazi pamoja na vikundi vya kuweka na kukopa. Vingi kati ya vikundi hivyo huongozwa na wananchi wanaojitolea, ambao baada ya shughuli zao za kujitafutia riziki hutenga muda wa kuandika mahudhurio, kukusanya michango na kumtembelea mwanachama aliyepatwa na msiba au maradhi.

Kazi hiyo njema huwafanya viongozi wa vikundi kuwa watunzaji wa mambo mengi ya ndani ya familia za wenzao. Katibu hufahamu ni nani amelazwa na kwa sababu gani. Mweka hazina hufahamu ni nani ameshindwa kurejesha mkopo. Kamati ya ustawi hufahamu ndoa ipi ina mgogoro na mtoto yupi amekosa ada. Taarifa hizo hutolewa kwa nia ya kupata msaada, na hivyo aliyezipokea amekabidhiwa amana.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Usemi huo humhimiza mgonjwa aseme, lakini unamtaka pia anayeambiwa awe mtu wa kuaminika. Pale ambapo jambo lililosemwa kwenye kamati linasikika kesho yake kisimani au sokoni, mwanachama anayefuata huamua kunyamaza. Matokeo yake, familia yenye uhitaji mkubwa kuliko zote inaweza kukosa msaada kwa kuogopa aibu.

Msingi wa kisheria

Haki ya faragha imewekwa katika Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, ambayo inatambua haki ya kila mtu kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake.

Ili kuipa nguvu haki hiyo, Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023. Sheria hiyo ndiyo iliyoanzisha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo ilizinduliwa rasmi na Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan, tarehe 3 Aprili, 2024 jijini Dar es Salaam.

Wapo wananchi wanaodhani kuwa Sheria hii inahusu benki, hospitali na kampuni za simu pekee. Ukweli ni kwamba taarifa binafsi ni taarifa yoyote inayomhusu mtu anayetambulika, iliyohifadhiwa katika namna yoyote. Daftari la katibu ni sehemu ya kuhifadhi taarifa, sawa na kompyuta ya ofisi. Anayeamua ni taarifa zipi zikusanywe na zitumike kwa lengo gani huitwa mkusanyaji, awe mtu binafsi, taasisi ya umma au taasisi binafsi.

Sheria inamtaka mkusanyaji asajiliwe na Tume. Hivyo, uongozi wa kikundi unaotunza taarifa za wanachama unashauriwa kuwasiliana na Tume ili kupata mwongozo wa usajili kulingana na hali ya kikundi husika, badala ya kudhani kuwa udogo wa kikundi unauondolea wajibu.

Aidha, Sheria inatenga kundi la taarifa binafsi nyeti, zikiwemo taarifa za afya, za watoto, za makosa ya jinai na za miamala ya fedha. Hizo ndizo hasa taarifa zinazojaa katika vitabu vya vikundi vya kusaidiana. Kwa upande wa maambukizi ya VVU, Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 nayo inaweka wazi kuwa majibu ya vipimo ni siri.

Uwazi wa fedha na siri ya mtu

Swali linaloibuka mara kwa mara katika mikutano ya vikundi ni hili: ikiwa fedha ni za wote, je, wanachama hawana haki ya kujua zimetumikaje? Jibu ni kwamba haki hiyo wanayo, lakini uwazi wa fedha za kikundi na usiri wa maisha ya mwanachama ni mambo mawili yanayoweza kwenda pamoja.

Chukulia kikundi chenye familia 40 ambacho kimemsaidia mwanachama mmoja shilingi 200,000 za matibabu. Mkutano unastahili kuelezwa kuwa fedha hizo zimetoka katika mfuko wa matibabu, tarehe iliyotolewa, na kuwa vielelezo vimehakikiwa. Uhakiki huo unaweza kufanywa na watu wawili au watatu waliochaguliwa na mkutano, ambao wataona cheti cha hospitali na kukirejesha kwa mwenyewe. Mkutano mzima hauna sababu ya kujua jina la ugonjwa. Kwa utaratibu huo, mchangiaji anapata uhakika wa fedha yake na mgonjwa anabaki na heshima yake.

Vivyo hivyo kwa mikopo. Katiba ya kikundi inaweza kuelekeza kuwa mdaiwa akumbushwe kwanza na mweka hazina, kisha aitwe mbele ya kamati, kabla ya suala lake kufikishwa katika mkutano wa wanachama. Kubandika jina na picha ya mdaiwa mtaani au kumtangaza katika mitandao ya kijamii ni kutumia taarifa zake kwa lengo tofauti na lile alilozitolea.

Mambo ya kuzingatia katika uendeshaji

Kanuni ya kwanza ni kukusanya kile kinachohitajika tu. Kikundi cha kuzikana kinahitaji majina ya wategemezi na namba ya simu ya ndugu wa karibu. Hakina sababu ya kuuliza dini ya mkwe, mshahara wa mwanachama wala historia ya ndoa yake. Taarifa ambayo haikuandikwa haiwezi kuvuja.

Pili, mwanachama aelezwe tangu anapojiunga kuwa taarifa zake zitatumika kwa kazi gani na nani ataziona. Iwapo kampuni ya bima au mfanyabiashara ataomba orodha ya namba za simu za wanachama, orodha hiyo isitolewe bila ridhaa ya wahusika wenyewe.

Tatu, daftari litunzwe mahali pa kufungwa, na simu zenye kumbukumbu za kikundi ziwe na namba ya siri. Mkutano ufanyike mahali ambapo wapita njia hawasikii mashauri ya kamati. Majadiliano yanayohusu familia moja yafanywe na wajumbe wachache wanaohusika.

Nne, makabidhiano ya uongozi yafanyike kwa maandishi. Kiongozi anayemaliza muda wake akabidhi vitabu vyote na kufuta nakala zilizobaki katika simu yake. Wajibu wa kutunza siri hauishi kwa kuondoka madarakani. Kwa kuwa viongozi hawa hujitolea na hawana mkataba wa ajira, ni vyema kila mmoja atie saini ahadi ya kutunza siri, na katiba ya kikundi itaje hatua zitakazochukuliwa kwa atakayeikiuka.

Makundi ya WhatsApp na picha

Simu ya mkononi imerahisisha mawasiliano ya vikundi, na pia imerahisisha uvujaji wa taarifa. Ujumbe uliotumwa kwa watu 60 unaweza kusambazwa mbali kabla mwenyewe hajauona. Hivyo, tangazo la ugonjwa katika kundi la WhatsApp litaje tu kile ambacho mgonjwa au familia yake imeridhia. Mara nyingi inatosha kuandika kuwa mwenzetu anaumwa na wanaotaka kumwona wawasiliane na katibu.

Picha ya mgonjwa akiwa kitandani, ya marehemu, au ya mtoto akipokea msaada wa sare za shule isisambazwe kwa lengo la kuonesha kuwa kikundi kinafanya kazi. Picha ya mtoto ihitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na hata ridhaa hiyo ikipatikana, kiongozi ajiulize kama mtoto huyo atafurahi kuiona atakapokuwa mtu mzima.

Mipaka ya siri

Usiri hauna maana ya kuficha madhara. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kuwa haki za mtoto zinavunjwa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo husika. Kiongozi wa kikundi aliyeelezwa kuwa mtoto anapigwa, ananyimwa chakula au anafanyiwa ukatili wa kingono hapaswi kulimaliza jambo hilo kifamilia kwa kisingizio cha kutunza siri.

Katika mazingira hayo, taarifa ifikishwe kwa Afisa Ustawi wa Jamii, Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kwa kupiga simu ya huduma kwa mtoto namba 116. Hata hapo, anayestahili kujua ni mamlaka husika. Wanachama wengine hawahitaji kupewa jina la mtoto wala simulizi ya yaliyomkuta. Ni busara kiongozi asimwahidi mtu usiri usio na mipaka, bali amweleze mapema kuwa jambo linalohatarisha maisha au mtoto litafikishwa panapohusika.

Taarifa ikivuja

Pale ambapo taarifa imetoka isivyostahili, hatua ya kwanza ni kuzuia isiendelee kusambaa kwa kuufuta ujumbe na kuwataka waliopokea waache kuusambaza. Hatua ya pili ni kumweleza mhusika ukweli mapema, kabla hajausikia kwa wengine. Kisha uongozi ubaini chanzo, urekebishe utaratibu na kutoa taarifa kwa Tume kama Sheria inavyoelekeza.

Mwananchi naye anayo haki ya kuomba kuona taarifa zake zinazotunzwa, kutaka zirekebishwe au zifutwe, kupinga matumizi yanayoweza kumdhuru, na kudai fidia kwa madhara aliyoyapata. Asiporidhika na majibu ya kikundi, anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa mtu binafsi anayepatikana na hatia ya kutoa taarifa binafsi kinyume cha Sheria, adhabu ni faini isiyopungua shilingi 100,000 na isiyozidi shilingi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili.

Hata hivyo, kinga bora zaidi ipo mikononi mwa wanachama wenyewe. Katika mkutano unaofuata, kila kikundi kinaweza kutenga muda wa kujibu maswali manne: tunatunza taarifa gani, ziko wapi, nani anaziona, na zitafutwa lini. Majibu yakiandikwa katika katiba ya kikundi na kufuatwa, familia itakayopatwa na shida itakuwa na ujasiri wa kubisha hodi kwa katibu ikijua kuwa itasaidiwa bila kuanikwa.