Tulinde Ini Letu Kuanzia Ghalani

Tukitembelea vikundi tunaulizwa swali hili mara kwa mara: mbona mtu alikuwa analima vizuri tu, halafu tumbo likafura, macho yakawa ya manjano, na baada ya miezi michache tukamzika? Wengine husema amerogwa. Safari hii tumeonelea tueleze habari za ini, maana mengi ya magonjwa yake yanaweza kuzuiwa hapa hapa nyumbani.

INI LIKO WAPI, NA LINAFANYA NINI?

Weka kiganja chako juu ya mbavu za chini, upande wa kulia. Hapo ndani ndipo ini lilipo. La mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Sote tumeona ini la mbuzi siku ya kuchinja: jekundu, laini, na kifuko cha nyongo kimeshikamana chini yake. Letu linafanana nalo.

Chakula kikishasagwa tumboni, damu inayobeba lishe kutoka matumbo haiendi moyoni moja kwa moja. Inapita kwanza kwenye ini kwa mshipa mkubwa. Karibu robo tatu ya damu ya ini huingia kwa njia hiyo. Ini ni kama mama anayepepeta nafaka kwa ungo: kizuri kinawekwa, kibaya kinatupwa. Pia linatengeneza nyongo, na vile vitu vinavyofanya damu igande ukijikata. Kwa hivyo chochote unachokula au kunywa, kiwe chakula, dawa au chang'aa, ini ndilo la kwanza kukipokea.

MBONA TUNACHELEWA KUJUA?

Ini ni mfanyakazi asiyelalamika. Ndani yake halisikii maumivu. Ni ngozi yake ya nje tu inayouma ikivutwa. Mtu anaweza kuharibika ini kwa miaka mingi huku anaendelea na jembe lake. Dalili zikija, zinakuja pamoja: uchovu, kukonda, mkojo mweusi kama chai ya rangi, macho ya manjano, tumbo kujaa maji, na uvimbe mgumu chini ya mbavu za kulia.

Lakini si kila uvimbe wa ini ni saratani. Mwingine ni usaha unaoletwa na amiba. Kule Turkana, wengi wamepata uvimbe wa maji unaotokana na minyoo ya mbwa. Hiyo inatibika. Kwa hivyo msimhukumu mgonjwa kabla hajapimwa damu na kupigwa skani.

Na saratani je? Mungu ameliumba ini kwa namna ya ajabu: likiwa zima, daktari wa upasuaji anaweza kukata zaidi ya nusu, na linalobaki linakua tena. Katika miaka ya 1950 Mfaransa Claude Couinaud alionyesha kwamba ini lina sehemu nane, kila moja na mishipa yake, ndiyo sababu sehemu moja inaweza kuondolewa na nyingine zikabaki salama. Shida ni kwamba ini la wagonjwa wengi limeshajaa makovu na kuwa gumu. Ini la namna hiyo halioti tena vizuri, na daktari anaogopa kulikata. Ndiyo maana tunasema vita vya ini havipiganwi hospitalini. Vinapiganwa ghalani na kliniki ya watoto.

ADUI WA KWANZA: SUMU YA UKUNGU

Mwaka 2004 msiba mkubwa ulitokea mashariki mwa nchi yetu, hasa Makueni na Kitui. Watu 317 waliripotiwa kuugua, na 125 kati yao walikufa. Walikuwa wamekula mahindi yao wenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha wakati wa kuvuna, na mahindi yakawekwa yakiwa na unyevu, mengi ndani ya nyumba. Ukungu ukaota na kutoa sumu iitwayo aflatoksini.

Sumu hii ikiwa nyingi inaua kwa siku chache. Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka, inaleta saratani ya ini. Haionekani kwa macho, haina ladha, wala kuchemsha hakuiondoi. Haiishi ukipika ugali, wala ukitengeneza busaa. Ng'ombe akilishwa mahindi hayo, sumu inaingia kwenye maziwa ya watoto.

ADUI WA PILI: HOMA YA INI AINA YA B

Hii inaletwa na virusi. Inapitia kwa damu, kwa kujamiiana, kwa wembe wa kushirikiana, na kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaliwa. Mtoto mchanga akiambukizwa, mara 9 kati ya 10 virusi vinabaki naye maishani. Na mwenye virusi hivi akila aflatoksini, hatari ya saratani inaongezeka mara nyingi sana.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Vuneni mapema mahindi yakikomaa. Msiyarundike chini shambani.

2. Anikeni juu ya turubai au kichanja, kamwe si juu ya udongo mtupu.

3. Pimeni ukavu kwa chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, funga, tikisa vizuri, kisha acha robo saa. Chumvi ikishika kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Isiposhika, yako tayari kuwekwa.

4. Wekeni magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, ghala lipitishe hewa na lisivuje.

5. Chambueni punje zilizooza, zilizobadilika rangi au kutobolewa na wadudu. Msiwape kuku wala ng'ombe. Kukoboa, kama wanavyofanya akina mama wa Ukambani kwa muthokoi, kunapunguza sumu, ingawa hakuimalizi.

6. Pelekeni watoto kliniki wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Chanjo ya homa ya ini aina ya B imo katika sindano hizo. Mama mjamzito aombe kupimwa.

7. Tumwonyeshe upendo anayekunywa pombe kupita kiasi, tumsaidie kuacha. Ini lake linaumia kimya kimya.

Tunajua kutupa debe la mahindi wakati wa njaa ni jambo gumu. Ndiyo maana kazi hii ni ya kikundi: turubai moja linunuliwe kwa mchango, lizunguke nyumba kwa nyumba, na aliyepoteza chakula asaidiwe na wenzake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

- Mahindi yetu ya msimu uliopita tuliyaanika wapi?
- Ni watoto wangapi kijijini hawajamaliza chanjo? Nani atawatembelea mama zao?
- Jirani akilazimika kutupa mahindi yake, kikundi kitamsaidiaje?