Uhuishaji wa Chati ya Utawala Katika Slaidi: Mfano wa Kaunti ya Mombasa

Wahenga walinena kuwa macho hayana pazia. Chati ya utawala ikioneshwa ukutani yote kwa pamoja, msemaji hueleza kisanduku cha juu ilhali hadhira imekwisha kufika chini. Uhuishaji, yaani kuvitokeza visanduku kwa zamu, hutibu kasoro hiyo. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba zamu hiyo yenyewe ni hoja: aghalabu kinachotangulia huchukuliwa kuwa ndicho mkuu wa kinachofuata.

Tuitazame Kaunti ya Mombasa. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, serikali ya kaunti ina mihimili miwili: utendaji unaoongozwa na gavana, na Bunge la Kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 iliongeza, upande wa utendaji, wasimamizi wa kaunti ndogo na wa wadi. Likoni, kwa mfano, ina wadi 5: Mtongwe, Shika Adabu, Bofu, Likoni na Timbwani. Kila wadi pia humchagua mwakilishi wake bungeni.

Katika programu ya PowerPoint, tangu toleo la 2007, mchoro wa SmartArt waweza kuhuishwa kisanduku kwa kisanduku au ngazi nzima kwa mara moja. Mstari wa kuunganisha hauhuishwi peke yake. Hutokea pamoja na kisanduku cha pili.

Hapa ndipo penye hatari. Mwakilishi wadi akiwekwa chini ya gavana, sambamba na msimamizi wa wadi, mstari utashuka naye na kumfanya aonekane mwajiriwa wa gavana. Kumbe amechaguliwa na wananchi, na Bunge ndilo linaloukagua utendaji. Mkazi wa Mtongwe anayelalamikia taka zisizozolewa atapotoshwa: hatatambua kwamba msimamizi hutekeleza, naye mwakilishi huhoji.

Basi, kisanduku cha juu kiwe cha wapiga kura. Ngazi ya pili iwe na gavana na wawakilishi wadi, nayo itokee kwa mara moja. Kisha wafuate wasimamizi, upande wa gavana pekee, ngazi baada ya ngazi. Aidha, mitindo ya kuzunguka na kurukaruka iepukwe, kwani huvuta macho kwenye mwendo badala ya maana.