Waya wa Spika: Je, Bei Kubwa Huleta Sauti Nzuri?

"Mama watoto, muuzaji amesema spika zetu haziwezi kulia vizuri kwa waya huu."

Ndivyo alivyoanza mume wa rafiki yangu jioni moja ya Desemba. Mkononi alikuwa na karatasi ya bei. Mita tano tu za waya wenye ganda nene na plagi za rangi ya dhahabu zilizidi nusu ya bei ya spika zenyewe. Na ada ya mtoto wa pili ilikuwa haijalipwa.

Rafiki yangu hakugomba. Alisema, "Baba, kabla hatujatoa fedha hizo, tuulize kwanza waya unafanya kazi gani."

Kazi ya waya

Waya wa spika hupeleka umeme kutoka kwenye amplifaya hadi kwenye spika, basi. Adui wake mkubwa ni ukinzani, yaani ugumu ambao umeme hukutana nao njiani. Waya mwembamba na mrefu una ukinzani mwingi. Waya mnene na mfupi una kidogo, kama ilivyo kwa bomba la maji.

Tupige hesabu. Spika nyingi za nyumbani zina omu 8. Waya wa shaba wa 1.5, unene uleule ambao mafundi hutumia kwa taa, ukiwa wa mita 5 una ukinzani wa omu 0.12 hivi, kwenda na kurudi. Kipimo kinachotumiwa sana ni kwamba ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya ule wa spika, yaani omu 0.4. Kwa hiyo waya wa kawaida unatosha na kubakiza.

Ukumbini mambo hubadilika. Waya mwembamba wa 0.5, ukivutwa mita 20, una omu 1.4 hivi, na nguvu nyingi hupotea njiani. Hata hapo dawa si waya wa kifahari, bali waya mnene. Wa 2.5 hushusha ukinzani huo hadi omu 0.3 hivi.

Vipi kuhusu madini ya fedha na dhahabu? Fedha hupitisha umeme kuliko shaba, lakini kwa asilimia 6 hivi tu. Dhahabu haiifikii hata shaba. Sifa yake ni kutoshika kutu. Basi kwenye plagi inaweza kufaa, hasa kwa wanaoishi pwani penye hewa ya chumvi.

Jaribio la sebuleni

Jirani mmoja aliyekuwa na waya wa ghali aliwaazima. Baba aliketi akiyapa mashine mgongo. Binti yao alizima amplifaya, akabadilisha waya au akajifanya kubadilisha, kisha akapiga wimbo uleule kwa sauti ileile. Walifanya hivyo mara kumi. Baba alipatia mara sita. Hata anayerusha sarafu hupata sita bila shida!

Mwaka 2007, Mmarekani James Randi aliahidi dola milioni moja kwa yeyote ambaye angethibitisha kwa masikio tu kwamba waya wa spika wa dola 7,250 una sauti bora kuliko wa kawaida. Hakuna aliyezichukua fedha hizo.

Lakini rahisi ni ghali

Mama mpendwa, usikimbilie waya wa bei ya chini kuliko yote. Baadhi ni alumini iliyopakwa shaba, nayo hupitisha umeme vibaya zaidi. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, si shaba tupu. Kama ni waya wa maikrofoni, tazama kama una wavu wa kuzuia mvumo na kama plagi zimelehemiwa imara. Mara nyingi ubovu huanzia hapo. Wala usitumie waya mwembamba wa spika kuvutia umeme wa nyumba. Unaweza kuleta moto.

Mwisho wake

Rafiki yangu hakumcheka mumewe. Kupenda muziki si kosa, na mtu aliyeaibishwa mbele ya watoto husikia aibu tu, hasikii hoja. Alimwuliza, "Je, spika zikitolewa nyuma ya kochi?"

Walizitoa, wakaziinua juu ya stuli, zikaelekezwa kwa wasikilizaji. Safari hii tofauti ilisikika hata jikoni. Baba alinunua mita chache za waya wa kawaida wa shaba, na ada ikalipwa kabla shule hazijafunguliwa.

Mzee bado husikiliza muziki wake kila Jumamosi jioni. Ile karatasi ya bei, binti aliigeuza jalada la daftari.