Mtoto akipenda katuni za Kijapani, zitazame kabla ya kumpa jina

Chukua mfano wa nyumba moja ya Katindiuka, mjini Ifakara. Mama anarudi jioni kutoka shamba la mpunga, matope yamemkaukia miguuni. Anamkuta kijana wake wa kidato cha pili ameketi kwenye mkeka, simu ameiegemeza kwenye ndoo, anakunja na kufungamanisha vidole vya mikono yote miwili huku midomo ikimchezacheza.

Jirani aliyekuja kuomba chumvi ndiye anayesema kwanza: "Dada, mwangalie mwanao. Hizo si alama za Freemason hizo?"

Mama anashtuka na kumpokonya simu. Kijana ananyamaza. Kabla ya wiki kuisha, mtaa mzima una jina la kumwita.

Kisa cha namna hii kinaweza kutokea popote penye vijana wanaopenda anime, yaani katuni za Kijapani. Kijana huingiziwa kwenye flash au memori kadi, au hurushiwa na rafiki kwenye simu, na mzazi hushtukia tu mtoto amezama.

Hapo majina huanza. Mwenye bahati huambiwa ni mtoto, kwa kuwa katuni zinadhaniwa ni za wadogo tu. Mwingine huitwa Mjapani, au Mchina, maana kwa walio wengi hao ni wamoja. Msichana anayependa katuni za mapigano huambiwa ni jike dume. Zito kuliko yote ni hilo la Freemason, neno lililovuma sana nchini mwanzoni mwa miaka ya 2010. Likishatajwa, watu hawaulizi swali la pili.

Zile alama za vidole

Swali la pili lingesaidia. Alama za vidole zinazoigwa na vijana wengi zinatoka kwenye Naruto, hadithi ya mchoraji Masashi Kishimoto iliyoanza kuchapishwa Japani mwaka 1999 na kumalizika mwaka 2014 ikiwa na juzuu 72. Katuni yake ya televisheni ilianza mwaka 2002. Alama za msingi ni 12, na zimepewa majina ya wanyama wa kalenda ya kale ya Wachina na Wajapani: panya, ng'ombe, farasi, mbwa na wenzao. Mpiganaji huzifanya kabla ya kutumia nguvu zake. Kwa kijana aliye kwenye mkeka ni mchezo, kama vile mwingine anavyoiga shangilio la mchezaji anayempenda.

Mzazi akitazama kipindi kimoja tu, ambacho hakifiki nusu saa, atagundua kubwa zaidi. Naruto ni yatima. Siku aliyozaliwa, kijiji chao kilivamiwa na mbweha wa kutisha mwenye mikia tisa, na ili watu wapone, mbweha huyo akafungiwa ndani ya mwili wa kichanga huyo. Watu wazima wanaijua siri hiyo. Watoto hawaijui, ila wanaona jinsi wazazi wao wanavyomkwepa, nao wanamkwepa. Mtoto anakua akitazamwa kama balaa kwa jambo ambalo hakulitenda na halijui.

Anayeanza kumwokoa ni mwalimu wake, Iruka. Wazazi wa mwalimu huyo waliuawa na mbweha yule yule, lakini yeye anampeleka Naruto kula tambi na kumsikiliza.

Kijana wa Katindiuka, basi, amepewa jina baya kwa kutazama hadithi ya mtoto aliyepewa jina baya.

Wazazi nao walikuwa na zao

Wazazi na babu wa leo waliwahi kutoka kwenye filamu za Bruce Lee wakirusha mateke hewani. Mwaka 2011 familia nyingi zilikaa mbele ya TBC kufuatilia tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake. Hakuna mama aliyeitwa Mchina kwa kumhurumia Doudou. Beki wa Yanga, Abdallah Shaibu, alijulikana kwa jina la Ninja, neno la Kijapani, na mashabiki walilitamka kwa sifa. Mkulima anayelima mpunga kwa pawatila ya Kubota anatumia mashine ya kampuni ya Kijapani, na haambiwi ameacha mila zake.

Hata Japani walibandikana majina

Huko kwenyewe zinakotoka, mpenzi wa katuni aliyezama huitwa otaku. Asili yake ni neno la heshima lenye maana ya "nyumbani kwako", linalotumika pia kumwita mtu "wewe" kwa adabu. Mwaka 1983 mwandishi Akio Nakamori aliligeuza kuwa kejeli, akiwacheka vijana wasiojua kuvaa wala kuzungumza na watu.

Mwaka 1989 mtu mmoja alikamatwa kwa mauaji ya watoto wanne wa kike. Vyombo vya habari vikaonyesha chumba chake kilichojaa maelfu ya kanda za video, na vijana wengi wasio na kosa wakaanza kuogopwa. Baadaye upepo uligeuka. Mwaka 2003 filamu ya Spirited Away ya Hayao Miyazaki ilishinda tuzo ya Oscar, na mwaka 2007 Wizara ya Mambo ya Nje ya Japani ilianzisha tuzo ya kimataifa ya vitabu vya katuni. Kitu kile kile kilichokuwa aibu ya familia kikawa fahari ya taifa.

Kuna la kuangalia kweli

Hii haina maana kwamba kila katuni inamfaa kila mtoto. Captain Tsubasa ni ya soka. Death Note inahusu mwanafunzi anayeua watu kwa kuandika majina yao kwenye daftari. Katika Attack on Titan majitu hula watu. Nyingine zina picha za uchi. Mtoto wa darasa la nne hapaswi kuachiwa zote. Vilevile mzazi ana haki ya kukataa simu usiku kucha, au hela ya daftari kuishia kwenye bando.

Lakini hapo ndipo jina baya linapoleta hasara. Mtoto aliyeitwa Freemason haachi kutazama. Anahamia chini ya shuka. Siku mtu mzima asiyemfahamu atakapomwomba picha mtandaoni, hatamwambia mama, kwa kuwa anajua atakachoitwa.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Anayekunja lazima awe karibu na samaki. Muulize mwanao anatazama nini na kwa nini anakipenda. Tazama naye kipindi kimoja. Kisha pangeni pamoja ipi inafaa umri wake, saa ngapi, na baada ya kazi gani. Akiwa anachora, omba kuliona daftari lake.

Jioni nyingine, mama yule anaweza kunawa miguu, akaketi kwenye mkeka ule ule na kuuliza: "Huyu mtoto wa nywele za njano, mbona watu wanamkimbia?" Kijana atamweleza. Na jirani akirudi kuomba chumvi, mama ndiye atakayemsimulia.