Damu Inajua Nini Kuhusu Sahani Yako?

Muulize mtu alikula mboga kiasi gani mwezi uliopita, na hata awe mkweli vipi, atabahatisha. Kwenye sinia la watu sita, nani anajua mkono wake ulichota wali kiasi gani? Wapo pia wanaomjibu mtafiti wanachodhani anataka kusikia: mboga huongezeka, soda hupungua. Sayansi ya lishe imeegemea madodoso ya namna hii miaka mingi, na ndiyo maana baadhi ya watafiti wameamua kuihoji damu.

Vipo virutubisho ambavyo mwili hauwezi kuvitengeneza. Karotenoidi, zile rangi za karoti na embe bivu ambazo pia hujificha ndani ya ukijani wa mchicha, huingia kwa mdomo tu. Mafuta ya samaki nayo huacha alama kwenye utando wa chembe nyekundu za damu, na kwa kuwa chembe hizo huishi takribani siku 120, kipimo kimoja hueleza ulaji wa wiki nyingi. Vitamini C ni tete zaidi: huharibika hata ndani ya kichupa, maabara isipoiwekea asidi na kuigandisha mapema.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulianzia kwenye jaribio la Australia. Kundi moja lilipangiwa mlo wa Mediterania, wa mafuta ya zeituni, mboga, kunde na samaki. Jingine likaendelea na chakula chake cha kawaida. Karotenoidi 5 na asidi za mafuta 24 zilitosha kuyatenganisha makundi hayo vizuri. Kipimo hicho kikapelekwa kwenye damu iliyohifadhiwa ya Wazungu zaidi ya 22,000 wa nchi 8. Walioonekana kuukaribia mlo huo walipata kisukari cha aina ya pili kwa nadra zaidi, na uhusiano huo ulijitokeza kwa nguvu kuliko dodoso lilivyouonyesha.

Lakini damu hueleza kilichofyonzwa, si kilichopakuliwa. Mchicha ulioungwa kwa nazi huipa damu karotenoidi nyingi kuliko uliochemshwa mtupu, na mvutaji sigara huwa na vitamini C pungufu hata akila machungwa sawa na jirani yake. Ugali haujapata alama yake ya kuaminika. Wanga wake huishia kuwa glukosi kama ule wa viazi. Chumvi ndiyo kabisa: mwili huidhibiti ndani ya damu isipande wala kushuka ovyo, kwa hiyo anayetaka kujua umekula kiasi gani atakukabidhi dumu ukusanye mkojo wa saa 24.